Hasara Moja, Milango Miwili: Madai ya Bima ya Nyumba na Uhuishaji Wake Baada ya Uharibifu Uliosababishwa na Mtu Mwingine

Nyumba nyingi huharibika pasipo kosa la wenyewe. Lori la mchanga hurudi nyuma likabomoa ukuta. Mwembe wa jirani uliooza shina huangukia paa usiku wa upepo. Moto uliowashwa kusafisha shamba huvuka mpaka. Fundi anayechimba msingi katika kiwanja cha pili huondoa udongo uliokuwa ukiishikilia nyumba ya kwanza. Katika matukio yote hayo watu hukusanyika, huzungumza, na mara nyingi jambo huishia katika ofisi ya Mtendaji wa Mtaa au wa Kijiji, ambako pande mbili hutia saini karatasi inayosema kwamba wamemalizana.

Kumalizana ni desturi njema, nayo imeokoa ujirani mwingi. Hata hivyo, kwa mwananchi mwenye bima ya nyumba, karatasi hiyo moja yaweza kumgharimu fedha nyingi kuliko tukio lenyewe. Makala haya yanaeleza sababu yake, hatua anazopaswa kuchukua mwenye nyumba tangu siku ya tukio hadi siku ya kuhuisha bima, na namna ya kuzilinda haki zake bila kuvunja ujirani.

Milango miwili ya fidia

Mtu ambaye nyumba yake imeharibiwa na mwingine ana milango miwili ya kubisha hodi. Mlango wa kwanza ni kampuni yake ya bima. Huko anadai kwa mujibu wa mkataba: amelipa ada, hatari iliyotokea imo katika hati ya bima, basi anastahili kulipwa. Kampuni haina haja ya kujua kwanza nani mwenye kosa. Inachotazama ni iwapo hatari hiyo imekingwa na iwapo masharti yamefuatwa.

Mlango wa pili ni yule aliyesababisha hasara. Huko anadai kwa sababu ya uzembe au kosa la mwenzake, na ni juu yake kuthibitisha kosa hilo. Iwapo msababishi naye ana bima inayogusa tukio hilo, fedha zaweza kulipwa na kampuni yake.

Kwa kawaida mlango wa kwanza ni mfupi zaidi, kwa kuwa hauhitaji ugomvi juu ya nani alikosa. Mwenye bima anayengoja miezi kadhaa ili jirani akiri kosa kabla ya kuiarifu kampuni yake anajidhuru bure. Hati za bima huagiza taarifa itolewe mara moja, au ndani ya siku chache zinazotajwa, na kuchelewa kwaweza kuwa sababu ya dai kukataliwa.

Hata hivyo milango ni miwili lakini hasara ni moja. Bima ya nyumba ni ya kufidia, si ya kutajirisha. Kanuni hiyo ni ya zamani. Mwaka 1883, katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston nchini Uingereza, wenye nyumba walikuwa wamekubaliana kuiuza, kisha moto ukaiharibu kabla mauzo hayajakamilika. Kampuni ya bima iliwalipa pauni 330. Baadaye mnunuzi naye akawalipa bei yote kama walivyokubaliana. Mahakama iliamua kwamba fedha za bima zirudishwe, kwa kuwa wenye nyumba hawakuwa tena na hasara. Tanzania ilipokea misingi ya sheria hiyo ya Kiingereza kupitia sheria ya mapokezi yenye tarehe ya rejea ya 22 Julai 1920, na kanuni ya fidia imeendelea kuwa nguzo ya bima za mali hadi leo.

Kampuni inaposimama mahali pa mwenye nyumba

Kutokana na kanuni hiyo huzaliwa nyingine. Kampuni ikishamlipa mwenye nyumba, haki yake ya kumdai msababishi haifi. Kampuni husimama mahali pake na kudai kwa jina lake, hadi kiasi ilicholipa. Ndiyo maana hati za bima humkataza mwenye bima kufanya jambo lolote litakalodhoofisha haki hiyo.

Hapa ndipo karatasi ya kumalizana inapoleta madhara. Mwenye nyumba akipokea kiasi kidogo na kuandika kwamba “hana dai tena”, ameufunga mlango wa pili si kwa ajili yake tu bali na kwa ajili ya kampuni yake. Kampuni ikifika kumdai msababishi, itaonyeshwa karatasi yenye saini na mhuri. Kwa sababu hiyo, kampuni yaweza kukataa dai, kupunguza malipo, au kumtaka mwenye nyumba arejeshe kilicholipwa.

Ikumbukwe pia kwamba hata msababishi hufungwa na hati yake. Bima nyingi za magari humkataza mwenye gari au dereva kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni yake. Dereva anayeshurutishwa kuandika “nimekosa, nitalipa yote” huenda akapoteza kinga ambayo ndiyo ingemlipa mwenye nyumba. Kumshurutisha hakumsaidii yeyote.

Mfano wa hesabu

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Nyumba ingegharimu shilingi 80,000,000 kujengwa upya, lakini mwenyewe aliikatia bima ya shilingi 60,000,000 ili apunguze ada. Hati inakinga hatari ya kugongwa na gari, na inasema kwamba mwenye bima atabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila dai. Lori linagonga nyumba na kuleta hasara ya shilingi 12,000,000. Familia inalazimika kupanga kwingine kwa miezi mitatu, kwa kodi ya shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani shilingi 450,000, na hati haigusi gharama hiyo.

Kwa kuwa nyumba ilikatiwa bima ya robo tatu tu ya gharama yake, kampuni inahesabu robo tatu ya hasara: shilingi 9,000,000. Kisha inatoa asilimia 10, yaani shilingi 900,000. Malipo yanakuwa shilingi 8,100,000.

Hasara yote, pamoja na kodi ya pango, ni shilingi 12,450,000. Baada ya malipo ya bima, mwenye nyumba amebaki na pengo la shilingi 4,350,000. Pengo hilo halikupotea. Bado linaweza kudaiwa kwa mwenye lori. Iwapo mwenye lori au kampuni yake italipa hasara yote, shilingi 8,100,000 zitairudia kampuni ya bima ya nyumba, na shilingi 4,350,000 zitakuwa za mwenye nyumba.

Sasa ichukuliwe kwamba siku ya tukio mwenye nyumba alipokea shilingi 2,000,000 na kutia saini karatasi ya kumalizana. Pengo lake haliwezi kudaiwa tena, na malipo ya shilingi 8,100,000 nayo yameingia mashakani. Shilingi milioni mbili za mkononi zimehatarisha zaidi ya milioni kumi.

Mambo ya kufanya siku ya tukio

Usalama wa watu hutangulia. Panapokuwa na moto au mtu aliyenaswa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa simu kwa namba 114, na polisi kwa namba 112. Nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe na mtu yeyote hadi mafundi wa umeme wafike.

Baada ya hapo huja kazi ya ushahidi. Methali inasema, “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na katika madai ya bima maneno hayo ni kweli tupu. Mwenye nyumba apige picha za uharibifu kabla ya kifusi kuondolewa: picha za mbali zinazoonyesha nyumba nzima, na za karibu zinazoonyesha kila ufa na kila kitu kilichovunjika. Gari lililogonga lisiondolewe kabla polisi hawajafika na kuchukua vipimo, isipokuwa pale usalama unapolazimisha. Majina na namba za simu za walioshuhudia ziandikwe siku hiyo hiyo, maana baada ya wiki mbili kumbukumbu hufifia na watu huhama.

Iwapo ni gari, namba yake ya usajili iandikwe kwa usahihi. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa kidijitali ambao humwezesha mwananchi kuhakiki kama gari lina bima hai na imetolewa na kampuni gani. Hata gari lenye “bima ndogo” pekee halipaswi kudharauliwa. Kwa kawaida bima hiyo hubeba, pamoja na madhara kwa watu, uharibifu wa mali ya mtu mwingine hadi kiwango kilichoandikwa katika hati. Hivyo mwenye nyumba asiishie kumtazama dereva ambaye huenda hana kitu. Atafute mwenye gari na kampuni iliyolikatia bima.

Mwenye nyumba ana wajibu pia wa kuzuia hasara isiongezeke. Paa lililotoboka lifunikwe kwa turubai, ukuta unaoning’inia uwekewe mihimili, na vyombo vitolewe mahali penye maji. Gharama za hatua hizo zitunzwe pamoja na risiti zake za EFD, kwa kuwa nazo zaweza kudaiwa. Ukarabati wa kudumu usubiri mtathmini wa hasara aliyetumwa na kampuni, au idhini ya maandishi ya kampuni. Anayekimbilia kujenga upya kabla ya ukaguzi anaufuta ushahidi wake kwa mikono yake.

Hati ya kumbukumbu badala ya hati ya kumalizana

Ofisi ya Mtendaji bado ina nafasi kubwa katika jambo hili. Kinachotakiwa ni kubadili aina ya karatasi inayoandikwa. Badala ya hati ya kumalizana, pande mbili ziandike hati ya kumbukumbu ya tukio. Maneno yake yanaweza kuwa kama haya:

“Sisi tuliotia saini hapa chini tunathibitisha kwamba tarehe iliyotajwa, saa iliyotajwa, tukio lifuatalo lilitokea katika nyumba iliyoko mtaa na kitongoji kilichotajwa. Uharibifu ulioonekana siku hiyo ni huu ufuatao. Hati hii ni kumbukumbu ya tukio tu. Haimtaji yeyote kuwa mwenye kosa, wala haiondoi au kupunguza haki ya upande wowote au ya kampuni yake ya bima.”

Hati ya namna hiyo haimdhalilishi jirani, haimfungi dereva mbele ya kampuni yake, na humpa mwenye nyumba ushahidi ulioandikwa siku ile ile mbele ya kiongozi. Iwapo jirani anataka kutoa msaada wa haraka, kama vile mabati machache au fedha za turubai, msaada huo waweza kupokewa kwa maandishi yanayosema kwamba ni sehemu ya fidia na si mwisho wa dai, na kampuni ya bima iarifiwe kiasi kilichopokewa.

Ni ungwana pia kwa mwenye nyumba kumweleza jirani mapema kwamba kampuni ya bima, ikishalipa, yaweza kumwandikia barua ya madai. Jirani aliyeambiwa huitafuta hati yake ya bima kama anayo, au huenda kwa msaidizi wa kisheria kujua haki zake. Jirani asiyeambiwa hudhani amegeukwa, na hapo ujirani huharibika kwa jambo ambalo lingeelezwa kwa dakika tano.

Kuwasilisha dai

Taarifa ya kwanza kwa kampuni yaweza kutolewa kwa simu, lakini ifuatwe na maandishi. Mwenye bima anayehudumiwa na wakala au dalali wa bima aombe uthibitisho kwamba taarifa imefika kwenye kampuni yenyewe, na apewe namba ya dai. Mazungumzo yote ya baadaye yataje namba hiyo.

Jalada la dai kwa kawaida huwa na fomu ya madai iliyojazwa, nakala ya hati ya bima na uthibitisho wa malipo ya ada, picha, taarifa ya polisi au ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa kadiri ya tukio, hati ya kumbukumbu kutoka ofisi ya Mtendaji, na makadirio ya gharama za matengenezo. Makadirio yaliyoandaliwa na mkadiriaji majenzi au mhandisi aliyesajiliwa yana uzito kuliko karatasi ya fundi isiyo na vipimo. Kibali cha ujenzi na ramani ya nyumba, ambavyo nakala zake huweza kufuatiliwa katika idara husika ya Halmashauri, husaidia kuthibitisha ukubwa na hali ya jengo kabla ya tukio.

Katika fomu ya madai kuna sehemu inayouliza kama kuna mtu mwingine anayehusika. Sehemu hiyo ijazwe kikamilifu: jina la msababishi, anwani yake, namba ya gari, kampuni yake ya bima, na mashahidi. Isiachwe tupu kwa huruma ya ujirani. Kuficha jina la msababishi ni kuinyima kampuni haki yake, nako kwaweza kuliangusha dai zima.

Mwenye bima aiandikie kampuni pia orodha ya hasara ambazo hati haizigusi, kama vile sehemu anayobeba mwenyewe, kodi ya pango na nauli, na aombe zijumuishwe katika madai dhidi ya msababishi. Sababu yake ni kwamba madai yanayotokana na tukio moja hayapaswi kukatwa vipande na kufikishwa mahakamani mara mbili. Kampuni ikifungua shauri kwa jina la mwenye nyumba na kudai sehemu yake pekee, mwenye nyumba aweza kukuta mlango umefungwa anaporudi kudai sehemu yake. Makubaliano ya namna ya kugawana fedha zikipatikana kwa upungufu yaandikwe mapema.

Muda wa sheria

Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, shauri linalotokana na uzembe au kosa la namna hiyo hufunguliwa ndani ya miaka 3. Miaka hiyo huonekana mingi, lakini huliwa na mazungumzo, ahadi na barua. Mazungumzo na jirani, yawe mazuri namna gani, hayapaswi kuchukuliwa kuwa yamesimamisha hesabu ya muda.

Pale ambapo msababishi ni taasisi ya Serikali au mamlaka ya serikali za mitaa, kwa mfano gari la umma lililogonga nyumba, sheria inataka kwanza itolewe notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, pamoja na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Kwa shauri dhidi ya serikali za mitaa utaratibu huo umekuwapo katika sura yake ya sasa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020. Mwananchi anayedai dhidi ya Halmashauri ana haki ile ile aliyo nayo dhidi ya jirani yake. Tofauti ni utaratibu, nao usipofuatwa shauri huondolewa mahakamani.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuwatafuta wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii katika Halmashauri huweza kumwelekeza waliko.

Kuhuisha bima baada ya dai

Wengi hudhani kwamba shughuli huisha fedha zinapolipwa. Kumbe siku ya kuhuisha bima huja na maswali yake, na hapo ndipo wengine hupoteza kinga bila kujua.

La kwanza ni kusema kweli. Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, na kila uhuishaji wa bima ya mwaka ni mkataba mpya. Kampuni, iwe ile ile au nyingine, ikiuliza kuhusu hasara zilizopita, tukio litajwe hata kama kosa lilikuwa la mwingine, na hata kama mwenye nyumba hakudai kitu. Jibu la “sijawahi kupata hasara, kwa kuwa si mimi niliyesababisha” si jibu la kweli. Swali lilihusu hasara, halikuhusu kosa. Kampuni ikigundua baadaye, yaweza kulikataa dai la mwaka mwingine lisilohusiana kabisa na tukio la kwanza.

La pili ni kueleza kikamilifu. Kusema kweli hakumlazimu mwenye nyumba kujibebesha lawama. Aandike tarehe ya tukio, chanzo chake, nani alisababisha, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichorejeshwa na msababishi. Iwapo kampuni imerudishiwa fedha zake zote, aombe barua inayosema hivyo na kwamba kumbukumbu za dai zimesahihishwa. Barua hiyo ina faida kubwa anapotaka kubakiza punguzo linalotolewa na baadhi ya kampuni kwa asiyedai, au anapotaka kuhamia kampuni nyingine. Iwapo fedha bado zinafuatiliwa wakati wa kuhuisha, aombe ada ipitiwe upya zitakaporejeshwa, na ombi hilo liwe la maandishi.

La tatu ni kujua kwamba ada yaweza kupanda bila mtu kulaumiwa. Kampuni hutazama hatari iliyo mbele. Nyumba iliyo kwenye kona kali yenye malori itaendelea kuwa kwenye kona hiyo, dereva yule awe amelipa au hakulipa. Dawa yake ni kupunguza hatari na kuionyesha kampuni kilichofanyika: nguzo imara za kuzuia magari, mti uliooza kukatwa kwa makubaliano na jirani, njia ya moto kati ya shamba na nyumba, au mtaro uliojengwa vizuri. Maombi ya alama za barabarani, matuta au mitaro kwenye barabara za wilaya huwasilishwa kupitia ofisi ya kata kwenda kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Nakala ya ombi hilo yafaa kuwekwa katika jalada la bima.

La nne ni kuangalia kiasi cha bima. Katika hati nyingi, kampuni ikishalipa dai, kiasi kilichobaki cha kinga hupungua kwa kiasi kilicholipwa hadi mwisho wa mwaka wa bima, isipokuwa mwenye bima alipe ada ndogo ya nyongeza ili kukirudisha. Aidha nyumba iliyokarabatiwa kwa saruji, mabati na nondo za bei ya leo haigharimu tena kama ilivyogharimu miaka mitano iliyopita. Mfano wa hesabu uliotangulia umeonyesha jinsi kiasi pungufu kilivyomkata mwenye nyumba shilingi milioni tatu.

La tano ni hali ya nyumba siku ya kuhuisha. Iwapo matengenezo hayajakamilika, au familia imehama kwa muda, kampuni iarifiwe. Hati nyingi huweka masharti kuhusu nyumba iliyoachwa tupu kwa muda mrefu, na hasara ya pili katika jengo lililo wazi huweza kukataliwa.

La sita ni kutoacha pengo. Nchini Tanzania kinga ya bima haianzi kabla ada haijalipwa. Anayekasirikia kampuni yake kwa kuchelewesha dai, kisha akaacha kuhuisha kama adhabu, anajiadhibu mwenyewe. Dai la zamani linalindwa na hati iliyokuwa hai siku ya tukio. Nyumba ya leo inahitaji hati iliyo hai leo. Anayetaka kuhama aanze kulinganisha kampuni mwezi mmoja kabla, na hati mpya ianze siku ile ile ya zamani inapoisha. Mwenye nyumba iliyowekwa dhamana benki aijulishe benki yake kila hatua, kwa kuwa mkataba wa mkopo kwa kawaida humtaka adumishe bima bila kukatika.

Dai likikataliwa au likichelewa

Kampuni inayokataa dai iombwe kutoa sababu kwa maandishi na kutaja kifungu cha hati inachokitegemea. Mwenye bima aanze kwa kulalamika ndani ya kampuni yenyewe. Asiporidhika, anaweza kupeleka malalamiko yake TIRA, ambayo ndiyo msimamizi wa soko la bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Vyombo vyote viwili vinatambuliwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, Sura ya 394. Njia ya mahakama hubaki wazi kwa kufuata taratibu na muda uliowekwa. Malalamiko yanayohusu uharibifu uliotokana na huduma ya umeme au maji yana njia yake: huanzia kwa mtoa huduma, na yasipotatuliwa hufikishwa EWURA.

Maswali ya kujipima

Mwenye nyumba ajiulize maswali matano, na kila mpangaji naye ajiulize la mwisho. Je, hati ya bima inakinga kugongwa na gari, kuangukiwa na mti, mafuriko na moto, au inakinga moto na radi tu? Je, kiasi cha bima kinatosha kujenga nyumba upya kwa bei ya leo? Je, inafahamika ni siku ngapi zimewekwa za kutoa taarifa, na ni sehemu gani ya hasara itakayobebwa na mwenyewe? Je, picha za nyumba ikiwa nzima, kibali cha ujenzi na hati ya bima vimehifadhiwa mahali ambapo moto wa nyumba hiyo hiyo hautaviteketeza? Na kwa mpangaji: je, anafahamu kwamba bima ya jengo la mwenye nyumba haigusi vyombo vyake, na kwamba vyombo hivyo huhitaji bima yake mwenyewe?

Wananchi wanakumbushwa kwamba ofisi za Watendaji wa Kata, Mitaa na Vijiji ziko wazi kuandika kumbukumbu za matukio na kusuluhisha majirani. Kabla ya kutia saini karatasi yoyote yenye neno “kumalizana”, mwenye bima anashauriwa aisome hati yake na aipigie simu kampuni yake kwanza.